Roboti Haichoki, Anayeisoma Huchoka

Tarehe 14 Machi 2025 badiliko moja liliingia katika ghala la msimbo la mradi uitwao tj-actions, na mahali pa mwandishi paliandikwa Renovate. Renovate ni roboti ya programu: hupita kwenye miradi, hutazama maktaba zilizopitwa na wakati, kisha hupendekeza matoleo mapya. Watengeneza programu hulikuta jina hilo asubuhi na jioni, na kwa jinsi walivyolizoea hawalisomi tena. Safari hii Renovate haikuhusika hata kidogo. Aliyeandika badiliko ni mvamizi aliyekuwa amekwisha kuipata tokeni, yaani ufunguo wa kuingilia, ya roboti nyingine, ile inayouhudumia mradi wenyewe, akajificha nyuma ya jina ambalo hakuna ambaye angelitilia shaka.

Mradi wenyewe ni mdogo. Una kifaa kiitwacho changed-files, ambacho kazi yake ni kuiambia mitambo ya majaribio ni faili zipi zimeguswa katika badiliko fulani, ili zisizohusika zisipimwe bure. Udogo huo haukukizuia kutumika katika maghala zaidi ya 23,000. Mvamizi alizisogeza lebo za matoleo, ya zamani kwa mapya, zikaelekea kwenye msimbo wake. Kila aliyekiita kifaa kwa namba ya toleo akapata sumu. Msimbo ule ulisoma kumbukumbu ya seva ya majaribio, ukachota nywila na funguo zilizokuwamo, ukazichapisha kwenye taarifa za utekelezaji. Kwa miradi ya wazi, taarifa hizo husomwa na yeyote mwenye intaneti. Mwizi hakuwa na haja hata ya kujitumia mzigo: aliuacha barazani, aje kuuokota kwa wakati wake.

Turudi kwenye lile jina. Katika Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, jina la mwandishi ni maandishi tu. Ukitaka badiliko lako lionekane limeandikwa na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, andika jina lake na barua pepe yake, Git hainung'uniki. Kinachothibitisha ni sahihi ya kidijitali, na miradi mingi haiidai. Kwa hiyo mvamizi alikuwa na majina yote ya dunia ya kuchagua, akachagua la roboti. Karibu miaka 2 kabla, Julai 2023, wavamizi walikuwa wamefanya vivyo hivyo kwa jina la Dependabot, roboti nyingine ya masasisho: walitumia tokeni zilizoibwa kuingiza msimbo wa wizi katika mamia ya maghala, na kampuni ya usalama ya Checkmarx ikayaanika mambo hayo Septemba. Hesabu ilikuwa ile ile mara zote mbili. Mwizi hatafuti jina linaloaminiwa kwa sababu limethibitika. Anatafuta jina ambalo watu wameacha kulikagua.

Hoja yangu ni hii. Roboti imeshusha gharama ya kusema ndani ya mradi hadi karibu bure, lakini gharama ya kusoma kilichosemwa haijashuka. Bado inalipwa kwa dakika za binadamu aliyeketi mbele ya skrini. Mijadala yetu mingi huishia kwenye swali la roboti ina akili kiasi gani. Naona swali hilo linaweza kusubiri. Tuanze na nani analipa dakika za kusoma, na roboti yenyewe imechangia nini katika malipo hayo.

Roboti ninayoiheshimu kuliko zote haina akili hata chembe. Inaitwa bors. Graydon Hoare, mwanzilishi wa lugha ya Rust, aliiandika mwaka 2013 alipokuwa Mozilla, na Februari 2014 akaieleza kanuni yake hadharani: pawepo ghala la msimbo linalofaulu majaribio yote wakati wote, na kulilinda libaki hivyo iwe kazi ya mashine. Wazo hakulidai kuwa lake. Alisema alikuwa ameona mfumo wa namna hiyo ukifanya kazi miaka mingi nyuma, alipokuwa kampuni ya Cygnus, na akashangaa kwamba watu hawakuuiga.

Aliyefanya kazi katika timu analijua tatizo. Mtu mmoja anabadili jina la funksheni. Mwenzake, kwenye tawi lake, anaongeza mahali papya panapoiita funksheni hiyo kwa jina la zamani. Kila tawi likipimwa peke yake linafaulu. Yakiunganishwa, programu haijengeki, na anayegundua ni yule aliyevuta msimbo usiku akidhani anaanza kazi yake. Bors ilikata mzizi huo. Mkaguzi akisoma badiliko na kuridhika, anaandika herufi r na alama ya kujumlisha. Roboti inalichukua badiliko, inaliunganisha pembeni na hali ya sasa kabisa ya tawi kuu, inaendesha majaribio kwenye mifumo yote, na tawi kuu husogea mbele endapo tu yote yamefaulu. Yakishindwa, tawi kuu halikuguswa. Leo jukwaa la kuhifadhi msimbo la GitHub lenyewe lina foleni ya kuunganisha, iliyotoka rasmi Julai 2023, na wazo ni lile lile.

Tazama bors inadai nini kwa binadamu: herufi moja na alama moja, tena baada ya yeye kuamua. Haimletei cha kusoma zaidi ya alichokuwa anakisoma tayari. Inamwondolea kungoja na kubahatisha, na inamwachia hukumu. Msomaji wa Kiswahili ana roboti ya ukoo huo inayomhudumia bila yeye kujua, L10n-bot, ambayo huchukua tafsiri zilizoandikwa na watu wa kujitolea katika translatewiki.net, za Kiswahili zikiwamo, na kuziingiza kwenye msimbo wa MediaWiki, programu inayoiendesha Wikipedia. Inafanya jambo moja, na inanyamaza.

Roboti za masasisho ni kabila jingine. Dependabot ilizaliwa London mwaka 2017 mikononi mwa Grey Baker na Harry Marr. GitHub ikainunua Mei 2019 na kuitoa bure. Renovate ya Rhys Arkins ilianza mwaka huo huo wa 2017, ikanunuliwa 2019 na WhiteSource, ambayo siku hizi inaitwa Mend. Ugonjwa zinaoutibu ni wa kweli. Programu ya leo inajengwa juu ya maktaba za watu wengine, nazo juu ya maktaba nyingine. Mradi unaotaja tegemezi 10 unaweza kuwa umebeba mamia. Udhaifu wa maktaba ya Log4j ulipotangazwa Desemba 2021, timu zilizokuwa na orodha ya tegemezi zao na desturi ya kuzisasisha zilijua pa kuanzia. Zisizokuwa nayo zilianza kwa kuulizana kama Log4j wanaitumia.

Na dawa inafanya kazi, kwa kiasi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa North Carolina State University, Samim Mirhosseini na Chris Parnin, walichunguza miradi 7,470 ya GitHub. Iliyokuwa ikiletewa mapendekezo na roboti ilisasisha tegemezi zake mara 1.6 ikilinganishwa na ile isiyotumia chombo chochote. Lakini katika utafiti huo huo ni kama theluthi moja tu ya mapendekezo ya roboti ndiyo iliyounganishwa. Theluthi mbili zilizobaki zilimfikia mtu, zikamsimamisha alichokuwa akifanya, zikamwachia wasiwasi kwamba toleo jipya litavunja kitu, kisha zikalala pale.

Chukua timu ya watu 3 yenye maghala 8. Tuseme kila ghala linaletewa mapendekezo 5 kwa wiki, na kila pendekezo linahitaji dakika 5 ili mtu asome maelezo ya toleo jipya na kujiridhisha. Hizo ni zaidi ya saa 3 kila wiki za kusoma barua za mashine, na mwenye akili timamu hatazitoa. Atasoma kwa makini wiki ya kwanza. Wiki ya pili atasoma vichwa vya habari. Mwezi wa pili ataangalia tu alama ya kijani ya majaribio na kubonyeza. Waswahili walishasema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na ndivyo ilivyo: mlango ukilia kila usiku, siku anapoingia mwizi mwenye nyumba hageuki hata ubavu. Mairieli Wessel, mtafiti kutoka Brazili, na wenzake waliozungumza na watunzaji wa miradi na wachangiaji kuhusu roboti zao, katika kazi waliyoichapisha 2021, walikuta lalamiko kubwa kuliko yote ni kelele.

Hatua inayofuata ndiyo inayonitia hofu. Kwa kuwa kusoma kumeshindikana, timu inaipa roboti nyingine ruhusa ya kuunganisha mapendekezo ya roboti ya kwanza majaribio yakifaulu. Kwa mradi wenye majaribio mazuri kweli, na kwa masasisho madogo, sina ugomvi na utaratibu huo. Lakini majaribio hupima kama programu yako bado inafanya ulichotaka ifanye. Hayapimi kama maktaba mpya inafanya na jambo jingine pembeni. Msimbo ulioiba funguo kule tj-actions haukuvunja jaribio la mtu.

Kuna aina moja ya roboti ambayo nitaitaja haraka kwa sababu kadiri ninavyoifikiria ndivyo ninavyokasirika: ile inayofunga taarifa za hitilafu kwa sababu tu zimekaa kimya. Toleo linalotumika sana kwenye GitHub, lisiporekebishwa, huiwekea taarifa alama ya kuchakaa baada ya siku 60 na kuifunga siku 7 baadaye. Watu wa mradi wa Kubernetes ni waungwana zaidi, siku 90, kisha 30, kisha 30 nyingine. Nawaelewa watunzaji, milima ya taarifa ni mizito na watu ni wachache. Lakini fikiria kijana wa Mwanza au Kisumu aliyetumia usiku mzima kuitafuta hitilafu, akaieleza vizuri kwa Kiingereza chake cha shule, na jibu la kwanza kupata ni la mashine inayomtaka athibitishe kwamba tatizo bado lipo. Bila shaka lipo, hakuna aliyeligusa. Roboti hiyo haikumpunguzia mtunzaji kusoma. Ilimrudishia mlalamikaji kazi, na kuipa orodha sura ya usafi.

Sasa nije kwenye roboti zinazolipa sehemu yao. Baada ya udhaifu wa Heartbleed kuitikisa OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, mwaka 2014, Google ilianzisha OSS-Fuzz, Desemba 2016. Kazi yake ni kuzichokonoa programu huria kwa data za ovyo, mamilioni kwa mamilioni, mchana na usiku, mpaka programu ianguke. Kufikia Agosti 2023 ilikuwa imesaidia kupata na kuziba udhaifu wa usalama zaidi ya 10,000 na hitilafu nyingine 36,000 katika miradi 1,000. Dada yake, syzbot, hufanya hivyo kwa kiini cha Linux na huwaandikia barua pepe watunzaji wake tangu 2017.

Hizi nazo hupiga kelele, na watunzaji wa Linux huzilalamikia. Tofauti ni kwamba haziji mikono mitupu. Syzbot ikisema kiini kimeanguka, mara nyingi huambatisha programu fupi ya lugha ya C ambayo ukiiendesha nawe utakiona kikianguka. Hutafuta ni badiliko lipi lililoanzisha tatizo. Ukiijibu kwa barua pepe yenye marekebisho yako, inayajaribu na kukuletea matokeo. Ukisema taarifa hii ni ile ile ya wiki iliyopita, inaziunganisha. Anayesoma barua ya syzbot anatumia dakika zake, lakini anazitumia juu ya ushahidi ambao mashine ilishatoka jasho kuutafuta. Kama roboti zote zingekuwa na adabu hiyo, safu hii nisingekuwa na haja ya kuiandika.

Nguvu ya roboti ya aina hii inaonekana ukitazama wavamizi wanavyohangaika nayo. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data iliyo karibu katika kila Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye seva kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde. Aliyeuweka mlango alijiita Jia Tan, na alikuwa amejenga imani kwa miaka akimsaidia mtunzaji aliyeelemewa. Wengi walivutiwa na ile nusu sekunde. Mimi nilivutiwa na jambo la mwaka mmoja kabla. Machi 2023 Jia Tan alijiandikisha kama mtu wa kupokea taarifa za OSS-Fuzz kwa mradi wa xz, na Julai mwaka huo akawaomba OSS-Fuzz wazime, katika majaribio ya xz, kipengele kiitwacho ifunc, ambacho baadaye ndicho mlango wake ulikipitia. Ombi likakubaliwa. Haimaanishi kwamba bila hilo roboti ingemkamata. Sehemu muhimu ya mlango ilifichwa ndani ya kifurushi cha toleo, nje ya ghala la wazi. Ila mtu aliyepanga wizi kwa miaka aliona ni vizuri kwanza amfumbe macho mlinzi asiyelala. Binadamu alishawazoea.

Hata lile tukio la tj-actions liligunduliwa na chombo, si na mkaguzi. Kampuni ya StepSecurity ina kifaa kinachotazama seva za majaribio zinawasiliana na nani, na kilipiga ukelele kilipoona anwani isiyotarajiwa. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kukaa wiki nzima bila neno, na huo ukimya ndio unaokipa uzito siku kinaposema.

Basi ikiwa roboti inaweza kuona, mbona isirekebishe yenyewe? Stockholm, katika chuo cha KTH, Martin Monperrus na wenzake walijaribu mapema kuliko wengi. Roboti yao, Repairnator, ilikuwa ikitazama miradi ya Java iliyoshindwa majaribio na kujaribu kuandika marekebisho. Katika awamu ya mwaka 2017 ilifanikiwa kuzalisha tena hitilafu 3,551, ikapata marekebisho 15 yanayoyafanya majaribio yafaulu, na hakuna hata moja lililofaa kupelekwa: mengine yalichelewa, mengine yalikuwa mabovu. Mwaka 2018 waliirudia wakiwa wamejifunza, na mara hii marekebisho 5 yalikubaliwa na kuunganishwa na watunzaji waliodhani wanashughulika na mtu aitwaye Luc Esape. Ndiyo, roboti ilipewa jina la mtu na picha ya kijana. Watafiti walisema walitaka kazi ihukumiwe bila upendeleo, na walitangaza ukweli baadaye mwaka huo.

Mimi hukumbuka zaidi kilichotokea kwenye mradi mmoja wa Eclipse. Marekebisho ya Luc yalifika, na mtunzaji akajibu kwa utaratibu wa kawaida: tunapokea michango ya waliotia saini mkataba wa wachangiaji. Nani atie? Luc hana mkono. Waliomtengeneza hawakuuandika msimbo ule. Mwenye mashine iliyomwendesha je? Watafiti wenyewe walikiri kwamba hapo waligota. Saini ya mchangiaji ni njia ya kusema kwamba yupo mtu aliyekisoma kilichomo na yuko tayari kuulizwa. Luc Esape aliweza kuandika, na hakuweza kuulizwa.

Mambo hayo yalikuwa ya maabara hadi modeli kubwa za lugha zilipotua mikononi mwa kila mtu. Daniel Stenberg, Mswidi anayeongoza curl, programu ya kuhamisha data iliyomo ndani ya simu, magari na televisheni kwa mabilioni, amelieleza jambo hili kwa uwazi kuliko yeyote. Tangu 2019 mradi wake ulikuwa ukitoa zawadi kwa waliogundua udhaifu wa usalama, na kufikia Januari 2024 zilikuwa zimelipwa zaidi ya dola 70,000. Kisha zikaanza kuja taarifa zilizoandikwa vizuri mno: sarufi safi, hatua zilizopangwa, majina ya funksheni, na ndani yake hakuna kitu. Baadhi zilitaja funksheni ambazo hazimo katika curl. Zamani, taarifa mbovu ulikuwa ukiijua kwa uandishi wake ndani ya dakika moja. Hizi zilihitaji watu kadhaa wazisome saa nzima kabla ya kuwa na uhakika kwamba ni hewa. Kufikia katikati ya 2025 Stenberg alikadiria kuwa takriban asilimia 20 ya taarifa zilikuwa takataka za Akili Mnemba, na ni kama asilimia 5 tu ya taarifa zote za mwaka ule zilizokuwa za kweli. Mwishoni mwa Januari 2026 alifuta zawadi.

Asije mtu kusema mzee huyu anachukia mashine. Curl hupimwa na kazi zaidi ya 100 za kiotomatiki kila badiliko linapopendekezwa. Na Septemba 2025 mtafiti mmoja wa usalama alimletea Stenberg orodha ndefu ya hitilafu alizozipata kwa vyombo vya Akili Mnemba. Stenberg alizisifu hadharani, na marekebisho kama 50 yakatokana nazo. Teknolojia ni ya jamii moja na ile iliyomletea takataka. Mtafiti alijua anachokitafuta, akazipepeta kabla ya kumsumbua mwenzake. Wale wengine walibandika walichopewa na mashine wakasubiri dola. Kilichotenganisha makundi haya mawili ni dakika za kusoma: mmoja alizilipa mwenyewe, wengine walimtumia Stenberg bili.

Jumuiya ya Linux, kwa kawaida yake, imelijibu hili kwa kanuni kavu. Tangu 2004, baada ya kesi za kampuni ya SCO kuhusu umiliki wa msimbo, kila badiliko linaloingia kwenye kiini hubeba mstari wa kuthibitisha kwamba mwandishi ana haki ya kulitoa. Mwongozo wao kuhusu vyombo vya Akili Mnemba unakataza vyombo hivyo kuweka mstari huo. Unawekwa na binadamu peke yake, naye ndiye anayebeba dhima ya kilichomo. Mifumo mingine huria ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024: Gentoo wakaikataa michango ya aina hiyo moja kwa moja, na NetBSD wakaikataa isipokuwa kwa kibali maalumu. Naona Linux wamepata mahali pazuri zaidi. Katazo la Gentoo ni gumu kulisimamia, maana msimbo hauna harufu. Saini unaweza kuidai.

Afrika Mashariki mambo haya hayako mbali. Mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu 2011 umejengwa juu ya DHIS2, programu huria ya Java inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mapendekezo ya roboti yanayosomwa, au yasiyosomwa, huko Norway yanaishia katika kompyuta ya zahanati ya Kilifi. Kampuni ndogo za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina shida yao pia: kila pendekezo la roboti huwasha majaribio, na mpango wa bure wa GitHub kwa maghala ya faragha una dakika 2,000 kwa mwezi. Zikiisha kwa sababu ya masasisho ambayo hakuna aliyeyasoma, kinachofuata ni majaribio kusimama au bili ya dola.

Kwa hiyo nikiulizwa na timu ndogo, nawaambia waanze kwa kupunguza sauti. Dependabot na Renovate zote zinakubali kukusanya masasisho madogo yawe pendekezo moja kwa wiki, na mapendekezo machache ndiyo yanayosomeka. Vifaa vya majaribio vitajwe kwa alama kamili ya badiliko (commit SHA), siyo kwa lebo ya toleo, kwa sababu lebo husogezwa na alama haisogei. Tokeni ya roboti ipewe ruhusa ya kazi yake tu; roboti inayoandika maoni haina sababu ya kuwa na ufunguo wa kuandika kwenye tawi kuu. Kila roboti iwe na mtu mmoja katika timu ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye mwenyewe, wa kuizima ikileta fujo na wa kuulizwa ikikosea.

Kisha kuna kusubiri. Renovate ina mpangilio wa kuliacha toleo jipya lipoe siku kadhaa kabla ya kulipendekeza, na Dependabot nayo ikaongeza wake mwaka 2025. Naupendekeza, siku 7 hivi, kwa kuwa vifurushi vingi vyenye sumu hugunduliwa ndani ya saa au siku chache. Marekebisho ya usalama yasisubirishwe. Najua pia udhaifu wa ushauri wangu: sote tukisubiri siku 7, hakuna anayelijaribu toleo siku ya kwanza, na sumu iliyotegwa iamke siku ya 8 itatukuta sote pamoja. Kwa sasa wanaotusomea siku zile za mwanzo ni kampuni za usalama zenye mashine za kuchambua kila kifurushi kipya kinapochapishwa. Zinaifanya kazi hiyo kwa sababu kuna wateja wanaozilipa, na wateja hao, kwa sehemu kubwa, si sisi.